Kocha akishinda, tumwongezee miaka au mshahara?

Mhariri,

Mwandishi wako wa michezo ameshauri Simba na Yanga waige vyuo vikuu vya Marekani: kocha akileta kombe, siku hiyo hiyo apewe kalamu amwage wino wa miaka saba au minane, timu nyingine zisije zikamnyakua. Mfano alioutoa ni wa Chuo Kikuu cha Indiana na kocha wao wa futiboli, Curt Cignetti. Namshukuru kwa kuitaja Indiana, maana ndiko niliko kwa sasa, mji wa Bloomington, kwa mwanangu na mkwe wangu. Lakini somo lenyewe amelielewa vibaya. Wamarekani hawatuzidi subira na makocha hata kidogo. Wanatuzidi fedha za kulipia kukosa subira.

Mimi ni mtu wa Tanga, Mgosi wa Kaya tangu utotoni. Niliiona Coastal Union ikichukua ubingwa wa Bara mwaka 1988 na mpaka leo nasubiri wa pili. Kwa miaka mingi nilikuwa mweka hazina wa timu moja ndogo ya mkoani kwetu, enzi ambazo daftari la mapato ya mlangoni lilikuwa linalala chini ya godoro langu. Kwa hiyo wenzangu wakisikia kocha ameongezewa mkataba wanaiona picha ya mtu anatabasamu na jezi mkononi. Mimi nauona ukurasa wa matumizi.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo wenyewe: ni ule wa kofia ngumu na mpira uliochongoka ncha mbili, unaochezwa zaidi kwa mikono. Wachezaji ni wanafunzi wa chuo, na uwanja wa hapa unachukua watu zaidi ya elfu hamsini. Jezi ni nyekundu na nyeupe, rangi za Coastal, jambo lililonirahisishia kuchagua upande. Mjukuu wangu anasoma hapa. Siku ya mechi hunipeleka jukwaa la juu, blanketi mapajani, akawa ananieleza kila filimbi imepulizwa kwa nini. Mchezo naelewa nusu. Hesabu zake naelewa zote.

Indiana ni watu wa mpira wa kikapu. Wana vikombe vitano vya taifa vya kikapu, na mwaka 1976 timu ya Bob Knight ilimaliza msimu mzima haijapoteza mchezo hata mmoja. Futiboli ilikuwa shughuli ya kupotezea wakati kikapu kikisubiriwa. Ubingwa wa kundi lao, Big Ten, mara ya mwisho waliupata mwaka 1967, tena wa kugawana na wenzao. Katika historia yao yote, na timu hii ina zaidi ya miaka mia moja, hawakuwahi kushinda mechi kumi ndani ya msimu mmoja. Mwaka 2023 walishinda tatu wakapoteza tisa. Ndipo akaletwa Cignetti kutoka chuo cha James Madison huko Virginia, mtu wa miaka 62, na hakukawia kuwaambia waandishi wa habari kwamba yeye hushinda, asiyeamini akamtafute kwenye Google.

Wakamtafuta. Msimu wake wa kwanza, 2024, alishinda mechi kumi na moja akapoteza mbili. Msimu wa pili hakupoteza. Desemba 6, 2025 aliwafunga Ohio State 13-10 mjini Indianapolis na kuchukua ubingwa wa Big Ten. Siku ya mwaka mpya akawaaibisha Alabama 38-3, kisha Oregon 56-22, na tarehe 19 Januari 2026 akawafunga Miami 27-21 nyumbani kwao, Indiana wakawa mabingwa wa taifa. Michezo kumi na sita, ushindi kumi na sita. Usiku ule mjukuu wangu alikwenda mtaa wa Kirkwood pamoja na nusu ya mji. Mkwe wangu alinikataza kutoka, baridi ilikuwa ya kukata masikio, nami nikashangilia dirishani kama mtoto aliyefungiwa ndani.

Hayo ni ya uwanjani. Sasa tufungue daftari.

Mkataba wa kwanza wa Cignetti, wa mwishoni mwa 2023, ulikuwa wa miaka sita. Haukutimiza mwaka. Novemba 2024 uliwekwa kando ukaandikwa wa miaka minane, wastani wa dola milioni 9 kwa mwaka. Huo nao ulifika miezi kumi na moja. Oktoba 2025 ukaja wa tatu, unaokwenda mpaka 2033 kwa wastani wa dola milioni 11.6 kwa mwaka, zaidi ya shilingi bilioni 25 kwa fedha zetu. Na ndani ya huo wa tatu kuna kipengele kinachosema timu ikifika nusu fainali ya taifa, pande mbili zirudi mezani kuutazama upya mshahara kwa bei ya soko. Timu ilifika nusu fainali na kuipita. Kwa hiyo swali ambalo mwandishi wako anadhani limeshajibiwa, hapa Bloomington lilirudi mezani baada ya kombe: mtu huyu aongezewe nini tena?

Huo mkataba wa Oktoba una jambo mwandishi wako hakuligusa. Jumamosi ya tarehe 11 Indiana iliwafunga Oregon kwao, 30-20. Jumapili chuo cha Penn State kikamfukuza kocha wake, James Franklin. Penn State ni chuo cha Pennsylvania, na Cignetti ni mzaliwa wa Pittsburgh, mtu wa Pennsylvania huyo huyo. Alhamisi Indiana ikatangaza mkataba mpya. Kati ya Jumapili na Alhamisi Cignetti hakucheza mechi nyingine. Hakupata kombe, hakusajili mchezaji wa ajabu. Kilichoipandisha bei yake ndani ya siku nne ni mtu mwingine kufukuzwa kazi mji mwingine. Ndivyo soko hili linavyokwenda: kila kibarua kinachoota nyasi mahali pamoja kinamnenepesha kocha wa mahali pengine, na mawakala wanalijua hilo kuliko viongozi wa vyuo.

Nilipomwambia mjukuu wangu haya alinitazama kama mtu aliyetukana msibani.

"Babu, mpe anachotaka. Akiondoka tunarudi kulekule."

"Na akibaki, akaanza kufungwa?"

"Hawezi kufungwa huyu, Babu."

Nikamuuliza kama amewahi kusikia jina la Tom Allen. Alikuwa amelisikia. Akanyamaza kidogo, na huyu kijana si mtu wa kunyamaza.

Tom Allen ndiye aliyemtangulia Cignetti kwenye kiti hicho hicho. Mwaka 2019 alishinda mechi nane, na kwa Indiana ya wakati ule nane zilikuwa sikukuu. Desemba ya mwaka huo akapewa mkataba mpya wa miaka saba. Mwaka 2020, msimu uliofupishwa na korona, akashinda sita akapoteza mbili. Mojawapo ni ile waliyowafunga Penn State 36-35 katika muda wa nyongeza, kijana Michael Penix akijirusha na mpira ukagusa ile nguzo ndogo ya pembeni. Picha yake bado ipo ukutani kwenye baadhi ya migahawa hapa. Allen akachaguliwa kocha bora wa mwaka, mshahara ukapandishwa tena. Kisha 2021 akashinda mbili, 2022 nne, 2023 tatu. Novemba 2023 akafungashiwa virago. Mkataba ulikuwa unamdai mwajiri zaidi ya dola milioni 20 hata kama Allen asingekanyaga tena uwanjani. Walikaa, wakapatana milioni 15.5.

Na Allen hakuwa wa kwanza. Mwaka 2021 chuo hiki hiki kilimwondoa kocha wa kikapu, Archie Miller, kwa fidia ya zaidi ya dola milioni 10. Makocha wawili ndani ya miaka mitatu, zaidi ya dola milioni 25, kwa watu waende zao.

Hapa utaambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba si fedha za kodi, ni michango ya matajiri waliosoma hapa. Sawa. Nimewahi kushika mfuko wa michango na najua mfadhili ana mfuko mmoja tu. Akishatoa milioni za kumwondoa kocha, siku ukimfuata kwa ajili ya maktaba atakuambia mwaka huu ameshatoa. Mwaka 2025 sheria mpya ya jimbo hili ilivifanya vyuo vya umma kufuta au kuunganisha kozi zaidi ya mia nne kwa sababu wanafunzi wake wahitimu walikuwa wachache. Chuo hiki kimefundisha Kiswahili kwa miongo mingi, na walimu wa lugha ndogo ndogo wanatembea kwa tahadhari siku hizi. Sisemi kocha ndiye aliyefuta kozi. Nasema ukikaa mji ambao habari hizo mbili zinatoka katika gazeti moja, huwezi kujizuia kuzisoma pamoja.

Kama mwandishi wako anataka mfano wa kocha mshindi aliyeongezewa mkataba, basi asiishie Indiana. Aende Texas. Desemba 2017 chuo cha Texas A&M kilimchukua Jimbo Fisher, aliyekuwa ameshinda ubingwa wa taifa na Florida State msimu wa 2013, kikampa miaka kumi, dola milioni 75, zote za dhamana, yaani afukuzwe au asifukuzwe zinalipwa. Mkuu wa mfumo wa vyuo vile, John Sharp, akamkabidhi kibao cha ubingwa wa taifa ambacho mwaka wake ulikuwa umeachwa wazi, wa kuja kujazwa. Mwaka 2020 Fisher alishinda tisa akapoteza moja, wakamaliza nafasi ya nne nchini. Kombe lenyewe hakuleta. Hata hivyo Septemba 2021, akiwa bado na miaka sita na zaidi mkononi, wakamwongezea mpaka 2031 na kumpandishia mshahara. Hakuna aliyekuwa amekuja kumchukua. Waliogopa tu kwamba huenda angekuja mtu.

Mwaka uliofuata alishinda tano akapoteza saba. Novemba 2023 wakamfukuza, na fidia ilikuwa zaidi ya dola milioni 75. Soma tena, Mhariri: mkataba wote wa mwanzo ulikuwa milioni 75 za kufanya kazi miaka kumi, na baada ya miaka sita ya kazi akawa anadai zaidi ya milioni 75 za kutofanya kazi. Tena mkataba haukuwa na kipengele cha kupunguza deni iwapo angepata kazi kwingine. Angeweza kuajiriwa asubuhi ya kesho yake na Texas A&M ikaendelea kumlipa senti zote mpaka 2031.

Sasa linganisha na Franklin, yule aliyefukuzwa Jumapili. Naye alikuwa kocha mshindi: zaidi ya mechi mia moja tangu 2014, na Januari 2025 alifika nusu fainali ya taifa akafungwa na Notre Dame kwa alama tatu tu. Mwaka 2021, vyuo vingine vilipoanza kumnyemelea, Penn State walimpa miaka kumi ya dhamana. Oktoba 2025 akapoteza mechi ya tatu mfululizo, mojawapo kwa UCLA ambao walikuwa hawajashinda hata moja, na wiki hiyo hiyo akawa historia. Kutoka nusu fainali mpaka mlangoni, miezi tisa. Hiyo ndiyo subira tunayoambiwa tukaige.

Fidia ya Franklin ilikuwa inakaribia dola milioni 50. Lakini mkataba wake, tofauti na wa Fisher, ulikuwa na kipengele kinachomtaka atafute kazi na kupunguza deni kwa mshahara atakaoupata. Novemba akachukuliwa na Virginia Tech, na Penn State wakamalizana naye kwa milioni 9. Kama milioni 40 ziliokolewa na aya moja. Ningekuwa na uwezo ningeichapa aya hiyo kwa herufi kubwa nikaibandika katika ofisi ya kila klabu kuanzia Mkwakwani mpaka Kaitaba.

Nami nina sababu yangu ya kuipenda aya hiyo. Ile timu yangu ya mkoani iliwahi kuchukua ubingwa wa kanda. Usiku wa sherehe, watu wameshiba pilau ya mbuzi, mwenyekiti akasimama akatangaza kocha anaongezewa miaka mitatu, pamoja na kodi ya nyumba. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Nikauliza zitatoka wapi. Nikajibiwa Mungu mkubwa. Msimu uliofuata tulishuka daraja, kocha tukaachana naye Januari, na kwa muda mrefu mapato ya mlangoni yakawa yanakwenda kwake kwanza, halafu ndiyo nauli ya wachezaji. Yeye wakati huo alikuwa anafundisha timu nyingine mkoa wa jirani na analipwa huko. Simlaumu. Aliletewa karatasi akasaini. Mimi pia ningesaini.

Hoja ya mwandishi wako kwamba mkataba mrefu unamzuia kocha asiibiwe haiendani na tunayoyaona hata hapo nyumbani. Mkataba haumfungi mtu anayetaka kuondoka. Unaweka tu bei ya mlango. Fadlu Davids aliifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2025, na Septemba ya mwaka huo huo alikuwa Raja Casablanca. Sead Ramovic alifika Yanga Novemba 2024, Februari akawa Algeria. Wengine hatukuwahi kujifunza kulitamka jina lake vizuri. Swali la maana kwa hawa halikuwa miaka mingapi waliandikiwa. Ni kiasi gani klabu ililipwa walipotoka, na mimi msomaji sijawahi kuambiwa.

Upande wa pili, mkumbuke Miguel Gamondi. Alichukua ubingwa na Yanga msimu wa 2023/24, na kwa ushauri wa mwandishi wako angepaswa kupewa miaka minane pale pale kwenye gwaride. Novemba 2024 akafungwa na Azam, akafungwa na Tabora United, akaondoka. Kwa mkataba wa minane wenye dhamana, Wananchi wangekuwa wanamlipa mpaka mwaka 2032. Kumfukuza kulikuwa sawa au si sawa ni mjadala mwingine, na binafsi naona walikuwa na haraka. Lakini mwajiri mwenye haraka akishika mkataba mrefu anakuwa mdaiwa, na vilabu vyetu vilivyofungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni ya mikataba iliyovunjwa vinatosha kuwa ushahidi.

Yupo pia Nasreddine Nabi: ubingwa mara mbili mfululizo, fainali ya Shirikisho 2023, mechi 49 za ligi bila kufungwa mpaka Ihefu walipomkatisha kule Mbarali. Mkataba wake ukaisha Juni, akaenda zake. Kama kuna kocha ambaye wino ulistahili kumwagika, ni huyo. Lakini wakati wa kuzungumza na mtu kama yule ni Januari au Februari, wakati bado hujui kama utachukua kombe na yeye bado hajui bei yake. Ukisubiri Juni unakwenda mezani na mtu aliyebebwa mabegani na mashabiki sitini elfu.

Kuna hoja moja ya mjukuu wangu inayostahili heshima. Anasema kocha asiye na mkataba mrefu hapati wachezaji, kwa sababu kijana wa miaka kumi na saba na wazazi wake huuliza kwanza kama kocha atakuwepo mpaka amalize masomo. Zamani hoja hiyo ilikuwa na uzito wa jiwe. Siku hizi wachezaji wenyewe huhama kila mwaka. Fernando Mendoza, kijana aliyeongoza mashambulizi ya Indiana msimu wa 2025 na kushinda tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, alitoka chuo cha California akaja hapa akacheza msimu mmoja wa ubingwa. Hakuhitaji kujua nani atakuwa kocha mwaka 2033. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa pia kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na ukomo wa mwaka wa kwanza ni kama dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo. Angalia hapo: kocha mmoja anapewa zaidi ya nusu ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa kugawanywa kwa wanariadha wote, wa kike na wa kiume, wa futiboli, kikapu, kuogelea na mengine. Kama tatizo ni kuwavuta vijana, naona mahali pa kuweka fedha panajulikana.

Basi Cignetti apewe nini? Mimi ningempa fedha, nisimpe miaka. Tayari ana mkataba mpaka 2033, na mwaka huo atakuwa na umri wa miaka 72. (Kwetu angekuwa ameshastaafu serikalini miaka minne iliyopita, anafuatilia mafao. Kwangu mimi mzee huyu ni faraja kila Jumamosi, na mkwe wangu sasa ananiita Kocha nikikataa kulala mchana.) Mpandishieni mshahara wa mwaka anaofanya kazi, awe katika watatu wa juu nchini kama mlivyoahidiana, ameshinda, alipwe. Bonasi za ushindi ziwe nono. Lakini msiongeze hata mwaka mmoja mbele ya 2033, na kila mwaka unaopita sehemu yenye dhamana ipungue, na ile aya ya Franklin iwemo. Mtu aliyeshinda michezo kumi na sita hana sababu ya kuogopa masharti hayo. Akiyakataa, atakuwa amewaambia jambo kuhusu msimu ujao ambalo nyinyi hamlijui.

Najua mnaopenda mpira mtasema hii ni roho ya mweka hazina. Ndiyo.

Jambo moja kwa kweli ningependa tuige kutoka huku, na mwandishi wako hakuligusia. Chuo cha Indiana ni chuo cha umma, na mkataba wa kocha wa chuo cha umma ni hati ya umma. Magazeti huomba, yanapewa, yanachapisha: mshahara, bonasi, fidia akifukuzwa mwaka huu, fidia akifukuzwa mwaka ujao, na kiasi atakacholipa yeye akihama. Ndiyo maana mstaafu kutoka Tanga anaweza kukaa jikoni kwa mwanawe na kukuandikia tarakimu hizi. Simba na Yanga si mali ya umma kwa maana hiyo, lakini zina wanachama wenye kadi, wanaolipa ada na kuitwa kwenye mkutano mkuu kupitisha mahesabu. Wanapitisha mahesabu ambayo ndani yake kuna deni wasilolijua.

Kwa hiyo nina ombi. Siku mwandishi wako atakapokwenda tena kwenye utambulisho wa kocha mpya, Jangwani au Msimbazi, falsafa ya kocha awaachie wenzake, wataiuliza wao. Yeye aulize mawili: kocha akifukuzwa Desemba, analipwa kiasi gani na deni linapungua akipata kazi kwingine? Na akiondoka mwenyewe Desemba, klabu inapata nini? Wakijibu, chapisheni majibu. Wakikataa, chapisheni kwamba walikataa, na jina la aliyekataa.

Ni mimi,
Mgosi wa Kaya,
Bloomington, Indiana